Tuulize Kabla Hatujaita: Shule ya Msingi na Nyumba Iliyoanza Kuyumba

(Haya ni maneno niliyoyasema Kigoma mjini mbele ya walimu wakuu, walimu wa malezi, wajumbe wa kamati za shule na wawakilishi wa wazazi. Wenzetu kadhaa walikuwa zamu au safarini, wakaomba wayapate. Nayaweka yote.)

Ndugu walimu wakuu, walimu wenzangu, wenyeviti na wajumbe wa kamati za shule, wazazi mlioacha shughuli zenu asubuhi hii: wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Naanza na swali, na kila mmoja alijibu mwenyewe kimoyomoyo. Nyumba inapoanza kuyumba, nani wa kwanza kujua? Baba ameondoka, mama ameugua, deni limeiva, milo miwili imekuwa mmoja. Nani anajua kwanza? Polisi? Polisi anaitwa watu wameshapigana. Hakimu? Kwa hakimu watu hufika ndoa imeshavunjika. Mganga wa zahanati? Huyo anamwona mtoto akishaugua. Afisa ustawi wa jamii? Ana eneo kubwa kuliko miguu yake, na mara nyingi hapati habari mpaka mtu ampelekee.

Anayejua kwanza ni mwalimu wa darasa la pili. Anajua kwa sababu mtoto anakaa mbele yake siku tano kwa wiki. Anajua sare iliyokuwa ikifuliwa kila Jumapili sasa haifuliwi. Anajua mtoto aliyekuwa akinyoosha kidole sasa analala juu ya dawati saa nne asubuhi. Anajua, ndugu zangu. Tatizo ni kwamba anajua halafu anaendelea na kipindi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba kujua kwake ni kazi ya thamani.

Jambo langu leo ni moja. Shule ya msingi ndiyo ofisi ya umma iliyo karibu zaidi na familia, na msaada mkubwa kuliko wote inaoweza kuutoa ni kuwahi. Kuwahi kuona. Kuwahi kuuliza. Kuwahi kuiunganisha familia na mwenye uwezo wa kusaidia. Sisemi shule igeuke ghala la unga. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haikupangwa kulisha nyumba ya mtu, na mwalimu mkuu hapa anajua chaki tu na karatasi za mitihani zinavyoimaliza. Nazungumzia kuwahi, ambako hakuhitaji bajeti.

Tuanze na daftari la mahudhurio.

Tunalitazamaje daftari hili? Wengi tunalijaza asubuhi, tunalifunga, mwisho wa mwezi tunapiga hesabu ya asilimia na kupeleka taarifa. Mtoto asiyekuja anaitwa mtoro. Akizidi anaitwa mtoro sugu. Tukishampa jina hilo tunadhani tumemaliza kumwelewa, kumbe ndiyo kwanza tumeacha kumtafuta.

Kuna mwalimu mmoja, katika shule iliyo jirani na mwalo, alikuwa na mvulana wa darasa la tatu aliyekosa shule wiki nzima, kisha akarudi, akakaa vizuri, kisha akakosa tena. Fimbo ilishapita, barua ilishapita. Siku moja mwalimu yule akachukua daftari la muhula mzima, akaweka kalenda pembeni, akatia duara kila siku ambayo mtoto hakuja. Akatazama. Zile duara zilikuwa zinarudi kila mwezi, karibu siku zilezile za mwezi mpevu. Mtoto alikuwa anapotea kwenye mbalamwezi.

Nyinyi wa Kibirizi na Katonga mmeshanielewa. Wavuvi wa dagaa hutegemea taa, na taa hutegemea giza. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi inapumzika, na nyumba inayokula kwa dagaa inapumzika nayo kula. Mama wa mtoto huyu, siku za giza, alikuwa akianika dagaa mwaloni, na mtoto wake mdogo wa miaka mitano anacheza karibu yake pale kwenye vichanja. Mbalamwezi ikifika, hakuna cha kuanika. Mama anaondoka alfajiri kwenda kulima kibarua upande wa Mwandiga, hawezi kumbeba mdogo, na mkubwa anabaki nyumbani kuwa mlezi. Huyo ndiye mtoro wetu sugu. Mtoto wa miaka tisa anayelea mwenzake ili mama alete unga!

Suluhisho lilikuwa nini? Waliitisha harambee? Hapana. Mwalimu alimwuliza mama kwa nini mdogo hajaandikishwa darasa la awali. Mama akasema alidhani mpaka awe na cheti cha kuzaliwa na sare kamili. Mwalimu mkuu akamwandikisha siku ileile, na suala la cheti likaendelea polepole kwa njia yake. Awali wanatoka mapema, basi mwalimu wa awali akakubali mtoto abaki kwenye uwanja wa shule, chini ya macho yake, hadi kaka yake atoke. Mbalamwezi iliyofuata mvulana alikuja shule. Na mdogo wake pia.

Tazameni gharama ya msaada ule. Kalenda, kalamu na swali. Fimbo isingeligundua lile jambo kwa miaka kumi.

Na kumbukeni mwaka 2024, Serikali ilipolipumzisha Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Uamuzi ule ulikuwa na sababu zake, ziwa likichoka sote tumechoka. Lakini sisi wa shule tulikuwa na taarifa mapema. Tarehe zilitangazwa. Tulijua kabisa kwamba muhula wa pili utakapoanza Julai ziwa litakuwa bado limefungwa, na kwamba kuna nyumba ambazo hazijawahi kuishi kwa kitu kingine. Shule gani ilikaa mwezi Aprili ikasema, hawa hapa watoto wa wavuvi, tuwaangalie kwa karibu kuanzia Mei? Shule gani ilipanga uji uanze kwao kabla njaa haijaanza? Sisemi haya kumlaumu mtu. Nayasema kwa sababu shida nyingi za familia zetu zina kalenda, na kalenda hiyo tunaijua. Ziwa lina kalenda. Mashamba ya Kasulu na Kibondo yana kalenda. Baba wanaokwenda kwenye tumbaku Urambo na Kaliua wanaondoka kwa msimu na kurudi kwa msimu, kama babu zao walivyokuwa wakichukuliwa manamba kwenda kwenye mkonge. Mkoa huu umezoea kuaga wanaume. Basi shule inayojua msimu wa kuagana inajua pia watoto gani watabaki na bibi, na inaweza kumfuata bibi kabla hajaelemewa.

Naomba mkitoka hapa mlichukue daftari lile kama barua. Mtoto hawezi kuandika kwamba nyumbani kumeharibika, lakini daftari lake linaandika kila siku.

Sasa, umeshaona. Unafanya nini? Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu.

Tunaandika barua ya wito. “Mzazi wa fulani unatakiwa kufika shuleni bila kukosa.” Jamani, nani anaipokea barua hiyo kwa moyo mweupe? Mzazi anajiuliza: ni mchango? Mtoto kavunja kioo? Wananipeleka kwa mtendaji? Tangu Januari 2016 elimu ya msingi haina ada, lakini mzazi fukara bado anaogopa lango la shule, kwa kuwa kila alipoitwa aliitwa kudaiwa au kuonywa. Mwenye shida akiitwa kwa ukali anajificha zaidi. Mficha maradhi kilio humfichua, ni kweli, lakini sisi hatutaki kumsikia kwenye kilio. Tunataka kumsikia angali anaficha.

Nitawasimulia ya mama mmoja wa pale Ujiji. Sitamtaja, wala mtaa wake. Watoto wake wawili waliacha kuja ghafla. Barua ya kwanza ikaenda, hakuja. Barua ya pili ikaenda na jina la mtendaji wa mtaa limeandikwa chini, ndiyo kabisa, nyumba ikafungwa mlango mchana kutwa. Majirani wakasema amehama. Hakuwa amehama. Alikuwa ndani.

Mwalimu wa darasa, mama mtu mzima mwenye busara, akaamua kwenda jioni, peke yake, amejifunga kanga, bila faili, bila mtendaji. Akapiga hodi akajitaja jina kwa sauti ili ajulikane si mtu mwingine. Mlango ukafunguliwa kidogo. Akakaribishwa jikoni, kwa sababu sebule haikuwa na kiti tena. Mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Mwalimu akavuta ungo ule upande wake, naye akaanza kuchambua. Wakachambua. Wakazungumza habari za mvua, za bei ya mawese, za mtoto wa jirani aliyeolewa Kasulu. Mawe upande huu, maharage upande ule. Giza lilipoanza kuingia mwalimu akasema, “Mama, wanangu nimewakosa darasani. Mnaendeleaje humu ndani?”

Yule mama akaanza kulia.

Alikuwa amekopa. Mkopo ule mnaoujua wa riba kali, kausha damu. Alianza na kidogo cha kununulia mtaji wa dagaa, mtaji ukaharibika kwa mvua, akakopa kwa wa pili alipe wa kwanza, akakopa kwa wa tatu alipe wa pili. Wakaja wakachukua viti, wakachukua godoro. Watoto hawendi shule kwa kuwa wadai walikuwa wakiwavizia njiani wawaulize mama yuko wapi. Sasa niambieni: barua yetu yenye jina la mtendaji, mama huyu aliionaje? Aliiona ni mdai wa nne.

Mwalimu hakuwa na fedha za kumlipia. Alichokuwa nacho ni kujua mlango wa kugonga. Kesho yake akamwendea afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wakaitwa wale wakopeshaji mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wakaulizwa leseni, maana kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mtu hakopeshi umma kwa riba kienyeji tu, ni lazima awe na kibali. Wawili kati yao lugha ililainika hapohapo. Deni likapangiwa awamu ambazo mwanadamu anaweza kuzilipa. Mama akaelekezwa kwenye kikundi cha wanawake ambacho kilikuwa kinaomba mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao asilimia 4 ni ya wanawake na hauna riba. Watoto wakarudi. Godoro halikurudi, na mama bado analipa. Lakini watoto wako darasani.

Mimi nasema mazungumzo yale jikoni yalikuwa kazi ya shule kama ilivyo kufundisha kuzidisha na kugawanya. Na nasema hivi kwa walimu vijana hasa: ukienda kwa mtu, usianze na kosa. Usiulize “kwa nini humleti mtoto?” Uliza “mnaendeleaje?” Usikague nyumba kwa macho. Usiandike mbele yao. Usitoe ahadi usiyoiweza. Sema “nitauliza, nitarudi siku fulani”, halafu urudi siku hiyo hata kama huna jibu. Ukikosa kurudi mara moja, umefunga mlango kwa mwalimu atakayekufuata.

Kuna mwalimu anawaza: darasani kwangu wapo mia na ishirini, nitatembelea nyumba ngapi? Swali la haki kabisa, na siwezi kulipita. Hutaweza, na hakuna anayekutaka utembelee nyumba mia na ishirini. Shule iwe na utaratibu mmoja mwepesi: mtoto akikosa siku tatu bila taarifa, mtu mmoja anauliza. Si lazima awe mwalimu. Ndiyo maana tuna ushirikiano wa wazazi na walimu, ule UWW ambao shule nyingi za Kigoma na Tabora ziliuanzisha miaka ya EQUIP, ule mradi wa kuinua ubora wa elimu, na nyingine zikauacha ufe mradi ulipokwisha. Kila mtaa una mzazi anayeheshimika, anayejua nani kafiwa na nani kaachika. Mpeni kazi hiyo. Apite, asalimie, alete neno kwa mwalimu wa malezi. Mwalimu anakwenda pale tu inapobidi. Katika watoto mia na ishirini, wanaohitaji mwalimu afike kwao ni wachache, na kwa wachache hao safari moja inatosha kubadilisha mambo.

Nipite haraka kwenye jambo la heshima, maana nadhani mnalijua ila linasahaulika. Shule moja ilipata sare za msaada. Jambo jema. Wakaita majina mstarini, mtoto mmojammoja anapita mbele, anapewa, anapigwa picha. Msichana wa darasa la sita akaipokea sare yake, akaenda nayo nyumbani, na hakurudi tena mpaka mwalimu wa kike alipomfuata. Alisema wenzake walimwita “maskini wa shule”. Sare tulimpa, sura tukamvua. Vitu vya msaada vinapitia kwa mzazi, ofisini, mlango ukiwa umefungwa. Hakuna mstari. Hakuna picha. Na habari za nyumba ya mtu hazizungumzwi kwenye chumba cha walimu wakati wa chai.

Sasa kuunganisha.

Familia nyingi zinateseka karibu na msaada ambao upo. Nitoe mfano wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kaya iliyo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ina sharti la elimu: mtoto ahudhurie walau asilimia 80 ya siku za masomo. Sharti hilo linategemea taarifa inayotoka wapi? Inatoka kwetu. Kwenye daftari lilelile.

Bibi mmoja anayelea wajukuu watatu alikatwa fedha. Mjukuu alikuwa amelazwa hospitali ya Maweni kwa wiki kadhaa, halafu akauguzwa nyumbani. Mwalimu wa darasa alijua, hata alimpelekea machungwa. Lakini kwenye taarifa ilionekana hayupo, hayupo, hayupo, bila maelezo. Bibi hakujua kwamba kuna pa kulalamika. Alidhani serikali imeamua. Wakaishi kipindi kizima na pengo lile. Ilihitajika sentensi moja tu pembeni ya jina: mgonjwa, yuko hospitali. Nawaomba walimu wakuu, kabla ya kusaini taarifa za mahudhurio ya kaya hizi, mketi na walimu wa madarasa mpitie jina kwa jina. Na mzazi akikatwa, shule iwe ya kwanza kumwandikia barua ya maelezo. Mtoto huyu mgonjwa ndiye aliyeihitaji ile fedha kuliko wakati mwingine wowote.

Kuhusu chakula sitasema mengi. Mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni wa mwaka 2021 upo, kamati za shule zina wajibu ndani yake, na kila mmoja hapa ameona tofauti ya darasa lililokunywa uji na darasa ambalo halijanywa. Ninachoomba ni kitu kimoja: mzazi asiyeweza kuchangia mahindi, mtoto wake asinyimwe kikombe. Mzazi achangie kuni, achangie kuteka maji, achangie zamu ya kupika. Kumwondoa mtoto kwenye foleni ya uji kwa kosa la umaskini wa baba yake ni ukatili, hata kama kamati nzima imepiga kura.

Yapo pia mambo ambayo shule haisuluhishi, na hapa naomba tusikilizane sana. Ukiona alama za kupigwa, ukisikia habari ya kuingiliwa mtoto, ukigundua binti wa darasa la sita anaandaliwa mahari, hapo hakuna kikao cha kuchambua maharage. Usiende kupatanisha. Usiite pande mbili ofisini kwako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa ya haki ya mtoto kuvunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali ya mtaa, na mwalimu ni mwanajamii kabla hajawa mwalimu. Afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, simu namba 116 ambayo ni bure: hizi ndizo njia. Kazi yako ni kuripoti leo na kuhakikisha mtoto halali usiku huu palipo na hatari.

Na kuna mtoto mmoja ambaye macho yetu huwa yanampita. Ni yule wa kuletwa. Ameletwa kwa shangazi asomeshwe, ameletwa kwa mama mkubwa, ameletwa na mtu anayesema ni ndugu. Desturi yetu ya kulea watoto wa ndugu ni njema, imewasomesha wengi waliokaa humu ndani. Lakini nataka mlijue jina la Victoria Climbié. Alizaliwa Ivory Coast. Mwaka 1998 wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake, aende naye Ulaya akasome. Walianzia Ufaransa, huko akaandikishwa shule. Shule ile ilianza kuhoji kwa nini mtoto anakosa masomo mara kwa mara, ikafika hadi kutoa taarifa kwamba mtoto yuko hatarini. Kisha yule shangazi akahamia naye London, mwaka 1999, na huko hakumpeleka shule kabisa. Alionwa na watu wa hospitali, na wa ustawi wa jamii, na polisi. Kila mmoja alimwona kwa muda mfupi, akashika kipande chake. Hakuna aliyemwona kila siku, mwezi hadi mwezi, kama mwalimu amwonavyo mwanafunzi wake. Februari 2000 alifariki kwa mateso, ana miaka minane. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming ulitolewa mwaka 2003 na ulibadilisha sheria za kulinda watoto Uingereza.

Ninachokiona mimi katika habari ile ni ile shule ya Ufaransa. Walikuwa na daftari la mahudhurio kama letu, wakaliamini. Alipofika mahali ambapo hakuna mwalimu anayeita jina lake asubuhi, hakukuwa tena na mtu wa kusema leo hayupo.

Kwa hiyo mtoto wa kuletwa mtaani kwenu, aliye nyumbani saa za shule, akichota maji na kubeba mtoto wa mtu, huyo si “mtoto wa watu, hayatuhusu”. Mwandikisheni. Akishaandikishwa ana jina, na jina lake likiitwa asubuhi mtu atajua akikosekana.

Niseme pia lililo letu sisi wa mpakani. Zipo familia ambazo baba ni wa hapa na mama ametoka ng'ambo ya ziwa, au kinyume chake, na karatasi zao hazijakaa sawa. Zinaogopa kila mtu mwenye kalamu. Mwalimu akiuliza “kwenu ni wapi?” mzazi anasikia swali jingine kabisa. Shule si ofisi ya uhamiaji. Tunamwuliza mtoto kama amekula, kama amelala, kama ana daftari. Familia ikijua hivyo, italeta shida zake kwetu mapema. Ikituogopa, tutaziona shida zake mwishoni kabisa, pale ambapo hatuna tena la kufanya.

Ndugu zangu, nimesema mengi na jua linapanda. Naomba mambo machache tuyafanye kuanzia wiki ijayo. Walimu wakuu, leteni madaftari ya mahudhurio ya muhula huu kwenye kikao cha kata, tuyaweke mezani pamoja na kalenda, tutafute duara zetu. Kila shule iandike kwenye ukurasa mmoja majina na namba za simu za watu wa kata: ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii, zahanati, mwenyekiti wa mtaa, dawati la polisi. Ukurasa ubandikwe ndani ya kabati la walimu, mwalimu mgeni akiripoti aukute. Kamati za shule, chagueni mzazi mmoja kwa kila mtaa, na mumchague kwa busara yake, hata kama si msemaji. Na zile barua za “bila kukosa”, naomba tuanze kuziandika upya. Nimekuja na mfano mmoja hapa, una sentensi nne tu, unaanza kwa salamu na unamwambia mzazi kwamba mtoto wake tumemkosa.

Nitausoma mkishamaliza maswali. Namwona mama mwenyekiti pale nyuma mkono uko juu muda mrefu. Karibu mama, tuanze na wewe.